Watoto 31 wasiojua kusoma darasa la tatu: sera mpya itawainua au itawapitisha tu?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, shule ya kijijini Kanda ya Ziwa. Darasa lina watoto 94, na kati yao 31 hawawezi kusoma hata sentensi fupi. Tunaambiwa elimu ya lazima sasa ni miaka kumi, na hawa wataishia darasa la sita kisha waende sekondari wote. Mwalimu mkuu anasema mtu asikaririshwe darasa. Juzi mzazi mmoja amekuja kuniomba mwanawe arudie. Nimekwama. Sera hii itawasaidia watoto hawa, au tunawasukuma mbele tu? Na mimi nifanye nini?"

Mwalimu, pole na kazi. Watoto 94 kwa mtu mmoja ni mzigo mkubwa, na kule kukaa ukawahesabu mpaka ukajua kwamba ni 31 ni jambo ambalo shule nyingi hazilifanyi. Walimu wengi huniambia "wapo kadhaa", na hao kadhaa hawana majina. Jibu langu lote linaegemea hesabu yako hiyo. Sera hii itawafaa hao 31 endapo watajua kusoma kabla ya kutoka mikononi mwenu. Wakitoka bila kusoma, miaka minne ya sekondari itakuwa miaka minne ya kukaa kimya darasani.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 vidato vya kwanza vitapokea watoto wa miaka miwili kwa mkupuo mmoja. Wako wataingia katika msongamano huo au nyuma yake kidogo. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Mimi naiunga mkono sera hii kwa moyo wote, na nitakwambia kwa nini. Kwa miongo mingi mtihani wa darasa la saba ulikuwa lango. Mtoto wa miaka 13 au 14 aliyefeli alirudi nyumbani, na hakuruhusiwa kurudia darasa hilo katika shule ya serikali. Ndiyo ilikuwa hivyo: safari imekwisha, kachunge ng'ombe, kauze maji stendi, kaolewe. Nimefundisha shule ya msingi miaka 11 kabla ya kwenda kufundisha walimu chuoni, na bado nawakumbuka watoto waliokuja shuleni siku ya matokeo wakiwa wamevaa sare iliyofuliwa na kupigwa pasi, wakaondoka wakijua hawataivaa tena. Nchi inayosema mtoto wa miaka 13 hajafika mwisho wa safari inafanya jambo la haki.

Ila lango tumewahi kuliondoa mara moja, na yaliyotokea tunayajua. Mwaka 2008 mtihani wa kidato cha pili uliacha kuwa chujio. Aliyefeli aliendelea kidato cha tatu pamoja na wenzake. Nia ilikuwa njema. Wanafunzi waliofanya kidato cha nne mwaka 2012 walikuwa miongoni mwa waliopita bila kuchujwa. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya watahiniwa 240,000 walikuwa wamepata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Chujio nalo lilirudishwa miaka hiyo hiyo. Sisemi kuondolewa kwa chujio ndiko kulikoleta sifuri zile. Shule za kata zilikuwa zimejengwa kwa haraka, walimu wa sayansi hawakuwepo, maabara zilikuwa vyumba vitupu. Ninachosema ni kwamba wale watoto walikuwa wameshafeli miaka kadhaa nyuma, pengine darasa la pili au la tatu, na hakuna aliyerudi nyuma kuwachukua. Chujio lilikuwa likiwaficha. Lilipoondoka, walionekana wote kwa siku moja.

Ndiyo maana sipendi mjadala wa "wakariri au wapande" unavyoendeshwa, kana kwamba hizo ndizo njia pekee tulizo nazo. Jiulize mtoto anayekariri darasa la tatu anapata nini. Anapata mada zilezile, kitabu kilekile, na mwalimu yuleyule ambaye bado ana watoto 94, safari hii wakiwa na mwaka mmoja pungufu kuliko yeye. Kama hakujua silabi mwaka jana, mada ya darasa la tatu haitarudi kumfundisha silabi mwaka huu. Anachoongeza ni aibu na urefu. Wasichana hasa hawalivumilii hilo. Akishaanza kuonekana mkubwa kuliko wenzake, ukifika msimu wa palizi humwoni tena. Lakini anayepandishwa bila kusaidiwa naye anapata kitu kilekile, ila cha darasa la nne. Kenya walishalipitia hili kisheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbakiza mtoto darasani. Sheria hiyo imemwondolea mtoto adhabu, na ni jambo zuri. Kumfundisha kusoma kunabaki kwa mwalimu.

Nikupe kisa cha karibu. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua walimu wanafunzi katika shule moja. Darasa la nne, kipindi cha Kiswahili. Mwalimu akamwinua mvulana mmoja asome, naye akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti imetulia, mpaka nikafurahi. Kipindi kilipokwisha nilimwita nje chini ya mwembe na kitabu chake. Nikaweka kidole katikati ya ukurasa, kwenye neno "nyanya", nikamwomba asome hapo tu. Akanyamaza. Kisha nikamwona anarudi mwanzo wa ukurasa, midomo inacheza polepole, anakuja mstari kwa mstari mpaka akafika chini ya kidole changu, ndipo akasema kwa sauti: "nyanya". Alikuwa ameushika ukurasa mzima kichwani, kwa kusikiliza wenzake. Nikafungua ukurasa ambao hawajaufikia. Akasoma "ba", akasoma "ka", akafika kwenye "mbwa" akaniangalia usoni.

Mtoto yule si mzito. Kuhifadhi ukurasa mzima kwa masikio kunataka akili nyingi. Alikuwa amesimama mahali pamoja padogo kabisa, penye silabi za konsonanti mbili na tatu, na kwa miaka miwili hakuna mtu aliyepafahamu mahali hapo, kwa sababu kila aliyemsikia "akisoma" aliandika vema. Nadhani nje ya hao 31, darasani mwako yupo mmoja au wawili wa namna hiyo ambao hata hukuwahesabu. Jaribu kuweka kidole katikati ya ukurasa.

Sasa kuhusu mageuzi yenyewe. Afrika Mashariki tuna bahati moja: mageuzi mengi yamepimwa hapa hapa kwetu, kwa watoto wetu. Katika miaka ya 1990, huko Busia na Teso magharibi mwa Kenya, shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada kwa wingi, na watafiti wakafuatilia. Kila mtu alitarajia ufaulu utapanda. Ulipanda kwa watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri, basi. Waliokuwa nyuma hawakusogea, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambayo kwa wengi wao ilikuwa lugha ya tatu, na viliwalenga watoto ambao wameshakwenda na mtaala. Kitabu kilikuwa mezani na mtoto hakuweza kuingia ndani yake.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa kuwa ni wetu na niliuona kwa macho. Mwaka 2013 Tanzania ilianza mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zikapangwa kwa nafasi kitaifa na kiwilaya kufuatana na matokeo ya darasa la saba, na zikapakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti walipochambua takwimu baadaye walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliongeza ufaulu kweli. Wakakuta na jingine: shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika darasa la saba kufanya mtihani. Walioonekana watashusha wastani waliachwa njiani. Nilikuwa katika shule moja, sitaitaja, jioni ya kuamkia upimaji, nikamsikia mwalimu akiwaambia watoto sita, kwa upole kabisa, kwamba kesho wasije, wapumzike. Mmoja aliuliza kama kesho ni sikukuu.

Walimu wale hawakuwa watu wabaya. Walipewa kipimo kinachowaadhibu kwa kuwa na mtoto dhaifu darasani, nao wakafanya kile ambacho kipimo kilidai. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023, nami nililipongeza. Lakini wilayani na katani mbio za wastani bado zipo, wewe unajua. Kila wakati ofisa anapokuja na kuuliza "wastani wenu ni ngapi?", mwambie pia idadi ya wasiosoma ilikuwa ngapi Januari na ni ngapi leo. Hata kama hakuuliza. Hiyo ndiyo namba inayompa thamani mtoto wa mwisho, kwa sababu ni yeye tu anayeweza kuibadilisha.

Yapo pia yaliyofanikiwa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa, masomo mengi yakawekwa kando, muda mwingi ukaenda kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Watoto wakajifunza zaidi. Kupunguza kulifanya kazi ambayo kuongeza hakukuifanya. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza katika shule 350 nchini ulijaribu kuzipa shule nyingine fedha za ruzuku peke yake, nyingine bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio la stadi za msingi, na nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Vyote viwili pamoja viliinua waziwazi. Sikuambii usubiri bonasi. Nakuonyesha kwamba fedha humfikia mtoto pale mtu fulani anapokuwa amemkazia macho mtoto yule.

Na huko huko magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005, shule 121 ziliongezewa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, darasa likagawanywa mara mbili. Nusu ya shule ziligawa watoto bila kuangalia uwezo, nusu nyingine ziligawa kwa kiwango chao. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kwenye shule zilizogawa kwa kiwango watoto wote walikuwa mbele zaidi, waliokuwa chini na waliokuwa juu. Wengi tulifundishwa kwamba kumtenga dhaifu ni kumwumiza. Humwumiza akitengwa na kusahaulika, nyuma ya darasa, kwenye dawati lililovunjika. Akitengwa saa moja ili mwalimu aanzie alipo yeye, hunufaika.

Basi hapa ndipo penye kazi yako, na nitaeleza taratibu kidogo.

Wiki moja, chukua watoto wako 31 mmoja mmoja, dakika tatu kila mmoja. Ni saa moja na nusu jumla, ukiigawa kwenye mapumziko ya siku tano inawezekana. Kila mtoto mpe herufi na silabi kwanza, akiweza mpe maneno, akiweza mpe sentensi, kisha aya fupi. Pale anapokwama andika na simama. Usimsahihishe siku hiyo. Daftari lako likijaa utaona kitu ambacho orodha ya maksi haikuonyeshi: kwamba "wasiosoma" 31 ni makundi matatu au manne tofauti kabisa. Wapo wasiozijua herufi. Wapo wanaosoma "kata" na "pili" lakini wanaanguka kwenye "ng'ombe", "mbwa", "nyanya". Na wapo wanaosoma kila neno polepole sana, wakifika mwisho wa sentensi wameshasahau mwanzo. Hawa ni wepesi kuliko wote, wengine wiki sita zinawatosha.

Katika dakika zile tatu, angalia mengine pia. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, mtoto anayegeuza sikio moja, mtoto asiyekujibu kwa kuwa nyumbani husikia Kisukuma tu na Kiswahili bado ni kigeni kwake. Huyu wa mwisho mtafutie mwenzake anayejua lugha zote mbili, akae naye. Wa macho na masikio zungumza na mzazi na zahanati. Na muulize mtoto, faraghani, alikula nini asubuhi. Nimewahi kumwita mtoto mvivu kwa muhula mzima kabla sijauliza swali hilo, na nilijutia.

Kisha nenda kwa walimu wa darasa la nne na la tano. Wao pia wana wao. Kubalianeni saa moja kila siku, iwe ile ile, ambapo watoto wa madarasa matatu wanapangwa kwa kiwango cha kusoma bila kujali wako darasa gani. Mmoja wenu achukue wa herufi, mwingine wa silabi, mwingine wanaosoma awape hadithi. Wa darasa la tano akikaa na wa darasa la tatu kwenye silabi, mara ya kwanza ataona aibu. Ukimpa kazi ya kugawa kadi na kuwasikiliza wadogo, aibu hupungua. Kadi zikatwe kwenye maboksi ya sabuni, kalamu nene inatosha. Kila baada ya wiki nne au sita wapime tena kwa dakika tatu zile zile, na anayeweza avuke kundi siku hiyo hiyo. Hapa ndipo shule nyingi huharibu: makundi yakikaa muhula mzima bila mtu kuvuka, yanageuka kuwa jina la mtoto.

Mwalimu mkuu anaweza kukuambia hilo litakula vipindi. Litakula kweli. Mwonyeshe daftari. Mwambie kuhusu 2028, vidato vya kwanza vilivyofurika, mwalimu wa fizikia mwenye watoto wengi kuliko ulio nao wewe, na somo lote kwa Kiingereza. Mtoto anayesoma Kiswahili vizuri ataumia miezi kadhaa kisha atashika, maana kujua kusoma kunahamia lugha nyingine. Asiyesoma lugha yoyote hatakuwa na pa kuanzia. Na kama kuna anayefikiri kwamba hao watapelekwa mkondo wa amali na mambo yataisha, mkatalie. Fundi umeme husoma mchoro na lebo ya waya. Fundi cherehani hupima na kugawa. Mkondo wa amali ni njia ya heshima, na hauwezi kuwa ghala la watoto tulioshindwa kuwafundisha KKK.

Sasa yule mzazi. Alichokuja kukuomba hasa ni kwamba mwanawe asipotee. Kukariri darasa ndiyo njia pekee anayoifahamu. Usimjibu kwa waraka. Mketishe, mwonyeshe mtoto amekwama wapi, useme kwa maneno haya: "Mama, mwanao anasoma mpaka hapa. Tutamfundisha kutoka hapa, kila siku saa moja, huku akiwa na wenzake. Wewe nisaidie asikose siku." Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi: kila jioni mtoto amsomee mistari mitano, yeye asikilize tu na kuuliza hadithi inasema nini. Mtoto akishindwa kueleza, mama atajua, hata kama hajui herufi moja.

Kama miongoni mwa 31 kuna aliyeshaacha kuja, usimfute kwenye rejista haraka. Mpango wa elimu wa MEMKWA upo kwa waliokosa au kukatiza masomo, na tangu mwishoni mwa 2021 waliokatiza, pamoja na wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi shule. Mwagize mwenyekiti wa kitongoji, au nenda mwenyewe siku ya gulio, utamkuta.

Anza Jumatatu na mtoto mmoja wakati wa mapumziko. Ukishawamaliza wote, niandikie idadi tu, bila majina: wangapi wamekwama kwenye herufi, wangapi kwenye silabi, wangapi kwenye sentensi. Kwa namba hizo nitaweza kukuandalia mpango wa saa ile moja kwa wiki sita za mwanzo, kundi kwa kundi.